Miguu Inapowaka Moto: Jinsi ya Kuitambua na Kuitibu Erithromelaljia

Mama mmoja wa makamo aliingia chumba cha daktari viatu vyake vikiwa mkononi. Kabla ya kukaa alitazama sakafu, akasogeza kiti hadi pembeni ambako jua halikufika, akabandika nyayo kwenye saruji tupu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Miguu inawaka.”

“Inawaka vipi?”

“Kama nimekanyaga makaa. Mchana najikaza. Usiku nalala nimeitia kwenye beseni la maji.”

Beseni hilo ndilo lililonifanya niweke kalamu chini. Miguu kuwaka moto ni lalamiko la kila siku kliniki, na mara nyingi chanzo chake ni kisukari, pombe au upungufu wa vitamini B12. Lakini mtu anayeamka saa nane za usiku kutafuta maji, anayeogopa blanketi, anayevua viatu kila anapoketi, huyo anakuelekeza kwenye ugonjwa mwingine kabisa. Unaitwa erithromelaljia. Jina alilitunga daktari wa Marekani, Silas Weir Mitchell, mwaka 1878, kwa kuunganisha maneno matatu ya Kigiriki: wekundu, kiungo na maumivu. Ni ugonjwa adimu. Katika wilaya moja ya jimbo la Minnesota, ambako kumbukumbu za wagonjwa hutunzwa kwa makini, walihesabiwa wagonjwa wapya 1.3 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Ndiyo maana tabibu anaweza kufika umri wa kustaafu bila kumwona hata mmoja, na mgonjwa akazunguka miaka akipewa dawa za fangasi, za gauti, au kuambiwa ni mawazo tu.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa, wa anayemuuguza, na wa mhudumu wa afya ambaye hajawahi kukutana nao. Dawa nitakazozitaja zinahitaji daktari. Mengine mnaweza kuyaanza leo nyumbani.

Hatua ya 1: Yachunguze maumivu yanavyokwenda

Hakuna kipimo kimoja cha maabara kinachosema “hii ndiyo”. Utambuzi unatokana na maelezo ya mgonjwa, kwa hiyo maelezo hayo yachukuliwe kwa utulivu.

Tafuta mambo matatu yanayokuja kwa pamoja: maumivu ya kuungua, wekundu, na joto la ngozi unaloweza kulihisi kwa mkono. Huanzia miguuni mara nyingi, pande zote mbili. Mikono hufuata kwa baadhi ya watu, na masikio au uso kwa wachache. Huja kwa vipindi. Kipindi kinaweza kuwa cha dakika chache au kikadumu siku nzima, na jioni na usiku ndio wakati mbaya zaidi.

Kisha uliza kinachoyawasha na kinachoyazima. Yanawashwa na joto, mazoezi, kusimama muda mrefu, soksi na viatu vya kubana, kuning'iniza miguu, na kwa wengine pombe au pilipili. Ngozi ikifika kiasi cha nyuzi 32 hadi 36 za Selsiasi, moto unawaka. Yanazimwa na ubaridi na kuinua miguu. Hapo kwenye kuinua pana siri kubwa. Mwenye mishipa ya damu iliyoziba huishusha miguu kando ya kitanda ili apate nafuu, kwa sababu damu inamfikia kwa shida. Mwenye erithromelaljia huipandisha ukutani. Swali hilo moja, “usiku unaiweka wapi miguu yako?”, limewahi kunisaidia kuliko vipimo vya gharama.

Neno kuhusu wekundu. Vitabu vingi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri uone mguu mwekundu kama nyanya. Utaona weusi uliokolea zaidi, au rangi ya zambarau iliyofifia, ngozi imevimba kidogo na kung'aa kama iliyopakwa mafuta. Tazama nyayo na ubavu wa vidole, ambako rangi ni hafifu. Halafu gusa kwa mgongo wa mkono wako: kwanza goti, kisha muundi, kisha mguu wenyewe. Kwa kawaida joto hupungua kadiri unavyoshuka. Hapa utakuta linapanda.

Kwa mtoto, maelezo hayaji kwa maneno. Mtoto anavua soksi kila akivishwa, analala nyayo zikigusa ukuta, anakataa kukimbia na wenzake, analia baada ya kuogeshwa maji ya moto. Aina ya kurithi huanza mapema namna hiyo, mara nyingi kabla ya miaka 10.

Hatua ya 2: Kamata ushahidi

Shida ya ugonjwa huu ni kwamba ukifika kwa daktari asubuhi, chumba kikiwa na feni, miguu inaonekana mizima kabisa. Ukitoka hapo umeshapewa jina la msumbufu.

Piga picha kwa simu moto unapowaka. Weka miguu yote miwili pamoja katika mwanga wa mchana au taa nyeupe, na upige nyingine ukishatulia, mahali palepale, ili zilinganishwe. Ukiwa na kipimajoto cha kupima bila kugusa ngozi, pima goti na kidole gumba katika nyakati zote mbili.

Anza daftari. Kila kipindi kiwe na mstari wake: saa kilipoanza, ulikuwa unafanya nini, umesimama au umekaa, umevaa nini miguuni, kilidumu muda gani, kimezimwa na nini, na maumivu ukiyapa alama kati ya 0 na 10 yalikuwa ngapi. Wiki mbili zinatosha kwa kuanzia. Usipoteze nguvu kuandika vizuri. “Saa 3 usiku, nimetoka kupika, 8, feni, dakika 40” ni mstari uliokamilika.

Tabibu ambaye hajaridhika anaweza kumwomba mgonjwa atembee kwa kasi, au akae na soksi nene miguu ikining'inia, kisha aangalie tena baada ya nusu saa.

Hatua ya 3: Ondoa magonjwa yanayofanana nao

Hapa nitapita haraka, isipokuwa pale penye hatari.

Mguu mmoja tu, umevimba, una homa, na wekundu hauondoki: hayo ni maambukizi ya ngozi au damu iliyoganda kwenye mshipa, na hayasubiri kesho. Mguu mmoja ulioanza kuuma baada ya kuvunjika au kufanyiwa upasuaji ni habari nyingine, ya mishipa ya fahamu iliyovurugika baada ya jeraha. Kiungo kimoja kinachouma hadi shuka likikigusa unaruka, hasa cha kidole gumba, fikiria gauti. Vidole vinavyogeuka vyeupe kisha vya samawati kwenye baridi ni ugonjwa wa Raynaud, ambao ni kama kinyume cha huu. Ajabu ni kwamba wapo watu wenye yote mawili, vidole vikifa kwa baridi asubuhi na kuwaka jioni.

Mvulana mwenye maumivu ya kuungua mikononi na miguuni, asiyetoka jasho, mwenye vipele vidogo vyekundu-vyeusi sehemu za kiuno na mapaja, apimwe ugonjwa wa Fabry. Nao ni wa kurithi, una tiba yake, na ukiachwa huharibu figo na moyo.

Na mtoto ambaye viganja na nyayo zake zimekuwa nyekundu na kuuma, anatoka jasho jingi, amekuwa mkali bila sababu na presha yake iko juu, uliza habari za zebaki. Kipimajoto cha kioo kilichovunjika ndani ya nyumba, au krimu ya kung'arisha ngozi anayopaka mama yake, inatosha. Pima mkojo. Hata bila zebaki, mtoto yeyote mwenye erithromelaljia apimwe presha, maana huweza kupanda sana.

Hatua ya 4: Pima damu kabla ya kitu kingine

Kama una pesa ya kipimo kimoja tu, kiwe picha kamili ya damu. Sababu ni hii. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wanaoanza utu uzimani, moto wa miguu ni dalili ya uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, unaozalisha chembe za damu kupita kiasi. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikizidi, hujikusanya ndani ya mishipa midogo ya vidoleni na kuwasha moto ule. Kiwango cha kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa kila mikrolita. Zikipita 450,000 na kubaki hapo kipimo kikirudiwa, au wekundu wa damu (himoglobini) ukiwa juu isivyo kawaida, mgonjwa aende kwa bingwa wa damu, naye atatafuta mabadiliko ya jeni iitwayo JAK2. Moto wa miguu unaweza kutangulia mabadiliko ya damu kwa miaka, kwa hiyo jibu zuri la leo si la kudumu.

Yule mama wa beseni alikuwa ameshapima sukari mara tano. Picha kamili ya damu, hata mara moja hakuna aliyemwandikia. Chembe sahani zake zilikuwa 812,000.

Baada ya hapo: sukari, vitamini B12, figo, tezi ya thairoidi, virusi vya ukimwi, na vipimo vya lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia) kama kuna dalili za viungo au ngozi. Pitia pia dawa anazotumia. Nifedipini na ndugu zake wa presha, pamoja na bromokriptini, huweza kuleta hali hii. Usiache dawa ya presha kwa kusoma hapa. Mwombe daktari akubadilishie.

Kipimo cha kasi ya umeme kwenye mishipa ya fahamu kikisema “kawaida”, usikubali kufungiwa faili. Kipimo hicho husoma nyuzi nene. Zinazobeba moto na maumivu ni nyuzi nyembamba, na hizo huonekana kwa kukata kipande kidogo sana cha ngozi na kuhesabu nyuzi zake kwa darubini, au kwa kupima jasho.

Kipimo cha jeni kifanywe kama ugonjwa ulianza utotoni au kuna ndugu wengine wanaougua. Mwaka 2004 watafiti wa China waligundua kwamba baadhi ya koo zenye ugonjwa huu zina hitilafu katika jeni iitwayo SCN9A. Jeni hiyo hutengeneza vijilango vya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu inayobeba maumivu. Vikiwa na hitilafu, vijilango vinafunguka kwa msukumo mdogo mno, na joto la kawaida la soksi linafika kwenye ubongo kama moto. Miaka miwili baadaye jeni hiyohiyo, ikiwa imekufa kabisa, ilikutwa kwa koo za Pakistani ambazo hazihisi maumivu yoyote tangu kuzaliwa. Jeni moja, na watu wawili: mmoja hawezi kuvaa kiatu, mwingine anakanyaga msumari asijue. Mzazi mwenye hitilafu ya kuwasha moto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumpa kila mtoto wake.

Hatua ya 5: Poza bila kujiumiza

Hii ndiyo hatua ninayoirudia mpaka wagonjwa wananichoka. Wapo walioishia kukatwa vidole ambao hawakukatwa kwa sababu ya erithromelaljia yenyewe. Walikatwa kwa sababu ya maji na barafu.

Mguu ukilowekwa kwa saa nyingi, ngozi inageuka nyeupe na kujikunja kama viganja vya mtu aliyefua siku nzima. Ngozi hiyo inachubuka kwa kuguswa tu. Vijidudu vinaingia, kidonda kinafunguka, na kidonda kwenye mguu usiovumilia bandeji wala kiatu hakiponi. Barafu ni mbaya zaidi: mguu unaoungua hauwezi kukuambia kwamba sasa unaganda. Na ukiutoa, damu inarudi kwa kishindo, moto unawaka kuliko mwanzo, unarudisha barafu. Wapo waliopoteza joto la mwili mzima hadi kulazwa kwa kukaa kwenye maji baridi usiku kucha.

Kwa hiyo fanya hivi. Anza na kuinua miguu juu ya mito miwili, nje ya shuka, feni ikiwa mbali kiasi cha kupeperusha hewa bila kukuganda. Isipotosha, lowesha kitambaa kwa maji ya kawaida ya bomba, kikamue, kitandaze juu ya mguu, uache feni ifanye kazi. Ukishindwa kabisa, tumia beseni: maji ya bomba bila barafu, dakika 10 zisizidi 15, kwa saa iliyowekwa mlio. Wengine huvalisha mguu mfuko wa plastiki kwanza, ukapoa bila kulowa; nimeona ukifanya kazi vizuri. Kausha katikati ya vidole kwa kugandamiza taulo, usisugue. Usilale miguu ikiwa majini hata siku moja.

Aliyekwisha kuzoea beseni mchana kutwa asinyang'anywe ghafla. Apunguze kidogokidogo: wiki hii saa sita kwa siku, wiki ijayo tano, huku dawa zikianza kushika. Yule mama alichukua wiki tisa.

Mengine ya kila siku: viatu vya wazi na vipana, soksi za pamba au usivae, maji ya kuoga yawe vuguvugu, kazi za kusimama zigawanywe vipande. Usiache mazoezi. Mwili unaokaa tu unakuwa mwepesi wa kuwaka. Kuogelea ndiyo bora, na kutembea alfajiri kabla hewa haijapata joto.

Hatua ya 6: Dawa, moja baada ya nyingine

Hakuna dawa moja inayowafaa wote, na hilo lisemwe mapema ili mgonjwa asikate tamaa ya tatu ikishindwa. Kanuni yangu: dawa moja kwa wakati mmoja, ipewe wiki nne hadi sita kwa dozi inayofaa, daftari ndilo liamue. Aspirini tu ndiyo hujibu mapema.

Aspirini ijaribiwe kwa karibu kila mtu mzima asiye na kizuizi, mg 75 hadi 325 kwa siku. Kama chanzo ni chembe sahani, nafuu huanza ndani ya saa chache au siku chache, na dozi moja inaweza kushika siku kadhaa, kwa kuwa chembe iliyozimwa na aspirini haiamki tena hadi ife. Nafuu ya namna hiyo ni kipimo pia: inakuambia uboho uchunguzwe hata kama hesabu bado iko sawa. Yule mama alirudi baada ya siku nne akiwa amevaa kandambili. Baadaye aliongezewa hidroksiurea ya kushusha chembe zenyewe.

Vizuizi vyake ni vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa na aspirini, na tabia ya kutokwa damu. Chembe sahani zikipita milioni 1, damu inaweza kutoka kirahisi badala ya kuganda, kwa hiyo bingwa aseme kwanza. Watoto wasipewe bila mtaalamu, kwa hofu ya ugonjwa wa Reye unaoshambulia ini na ubongo.

Kwa wasiosaidiwa na aspirini, mimi huanzia kwenye ngozi, ambako madhara ni machache. Bandiko la lidokaini la asilimia 5 hukaa saa 12, likaondolewa saa 12, na lisiwekwe kwenye kidonda. Mfamasia anayechanganya dawa anaweza kutengeneza jeli ya amitriptilini asilimia 1 na ketamini asilimia 0.5. Kapsaisini ya pilipili huwafaa wachache. Wengi huishindwa siku ya kwanza, na siwalaumu.

Kisha za kumeza. Gabapentini huanzia mg 300 usiku na kupanda taratibu, kwa dozi ndogo zaidi kama figo ni dhaifu. Pregabalini ni ya jamii hiyo. Amitriptilini mg 10 au 25 usiku humsaidia pia asiyepata usingizi. Venlafaksini au duloksetini ni chaguo jingine, ila zisichanganywe ovyo na dawa nyingine za sonona, na venlafaksini isikatizwe ghafla. Mtu akiambiwa ni dawa za sonona au kifafa hukasirika, akidhani ameitwa kichaa. Mweleze kwamba zinatuliza mishipa ya fahamu, na mishipa haijali zilibuniwa kwa kazi gani.

Kwa wenye hitilafu ya SCN9A, dawa zinazobana vijilango vya sodiamu ndizo zenye mantiki. Meksiletini imewasaidia baadhi, lakini moyo upimwe umeme wake kabla na baada. Karbamazepini imefanya maajabu kwa koo chache zenye mabadiliko fulani. Wenye asili ya China na Asia ya Kusini-Mashariki wapimwe kwanza HLA-B*1502, alama ya jeni inayoonyesha hatari ya dawa hii kuunguza ngozi vibaya, na yeyote akitoka vipele na homa aiache siku hiyohiyo na kurudi hospitali.

Dawa za jamii ya mofini huleta utegemezi upesi na nafuu ndogo. Upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu inayotawala mishipa ya damu umewasaidia wengine na kuwaharibia wengine. Uwe wa mwisho kabisa, baada ya kujaribiwa kwa sindano ya ganzi.

Hatua ya 7: Siku za kukimbia hospitali, na miaka inayofuata

Nenda siku hiyohiyo ukiona ncha ya kidole inakuwa nyeusi au ya samawati, kidonda chenye usaha, homa, au mguu mmoja kuvimba ghafla. Mwenye chembe sahani nyingi akipata ulimi mzito, udhaifu wa upande mmoja, au macho kupoteza nuru hata kwa dakika tano, asisubiri ipite.

Liko jambo ambalo ndugu huogopa kuliuliza. Maumivu ya usiku baada ya usiku yamewafanya baadhi ya wagonjwa wajitoe uhai. Muulize waziwazi: “Umefikiria kujiua?” Swali halimtii wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo.

Katika wagonjwa waliofuatiliwa na Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, taarifa yao ikatoka mwaka 2000, karibu theluthi walizidiwa kadiri miaka ilivyopita, robo hivi hawakubadilika, karibu theluthi walipata nafuu, na mmoja katika kumi alipona kabisa. Nampa mgonjwa hesabu hizo kama zilivyo.

Picha ya damu irudiwe angalau mara moja kwa mwaka, kwa mtu mzima yeyote ambaye chanzo chake hakijajulikana. Tarehe ya kipimo kijacho iandikwe juu ya jalada la daftari, mahali ambapo hata mtoto wa nyumbani ataiona.